Kabla ya kuthibitisha chuo kimoja
Mwanao aliyemaliza kidato cha sita akichaguliwa na vyuo viwili, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) humtaka athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa kutumia namba maalumu inayotumwa kwenye simu aliyojisajilia. Kwa hiyo hakikisheni kwanza kwamba laini hiyo ingali inapatikana. Kisha, badala ya kumwamulia, keti naye mkiwa na daftari. Binti yangu, aliyepata nafasi Dar es Salaam na Dodoma, aligawa ukurasa kwa rula na kuandika kila upande masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, mahali pa mafunzo kwa vitendo, ada, kodi ya chumba na nauli ya daladala, na hapo ndipo alipogundua kuwa kozi mbili zenye majina yanayokaribiana zilitofautiana sana kuanzia mwaka wa pili. Jina la chuo, ambalo sisi wazazi hulipenda mno, lisitangulie kozi. Mwulize pia, bila haraka, ni ipi angeisoma hata kama rafiki zake wote wangekwenda kwingine, nawe unyamaze mpaka amalize kujibu.