Somo: Kuchagua dume kwa kuangalia jeni za maziwa

Wafugaji wenzangu, wengi wetu dume tunamchagua kwa kubahatisha, au kwa kuwa mbegu yake ndiyo iliyokuwepo siku ng'ombe alipopata joto. Ndama atakayezaliwa atakaa zizini miaka mingi na kuzaa wengine. Damu dhaifu hairekebishwi kwa pumba. Shikeni kalamu.

Hatua ya 1: Tenganisha damu na matunzo

Huyu anatoa lita 18, yule 11. Usikimbilie kusema wa kwanza ana damu bora. Kiwango cha urithi cha wingi wa maziwa ni karibu asilimia 30. Yaani ukichukua tofauti zote zinazoonekana kati ya ng'ombe wa kundi moja, sehemu hiyo ndiyo inayotokana na jeni wanazorithisha. Kubwa lililobaki ni chakula, maji, maradhi, hali ya hewa na mkono wa mkamuaji.

Asilimia ya mafuta na ya protini hurithiwa kwa nguvu zaidi, karibu nusu. Uwezo wa kushika mimba uko chini ya asilimia 10. Kwa hiyo mafuta ya maziwa utayapandisha kwa dume mzuri, lakini ng'ombe anayerudia joto kila mara, angalia kwanza lishe yake na saa unayomhimilisha.

Hatua ya 2: Andika

Tarehe ya kuzaa, baba, mama, na maziwa ya kila ng'ombe peke yake, si ya zizi zima. Linganisha kwa kipindi cha kukamuliwa cha siku 305, na linganisha wa rika moja. Ng'ombe wa uzao wa kwanza hutoa kama robo tatu tu ya atakachotoa akikomaa. Inaniuma sana kuona mtamba mwenye damu nzuri anauzwa kwa sababu tu amepitwa na mama yake aliye kwenye uzao wa nne.

Hatua ya 3: Soma namba za dume

Dume hana kiwele, kwa hiyo hupimwa kwa maziwa ya binti zake. Zamani ilibidi kungoja miaka mitano au zaidi mpaka binti hao wakamuliwe. Siku hizi DNA ya ndama dume husomwa angali mdogo. Marekani ilianza kutoa rasmi tathmini za namna hiyo kwa ng'ombe wa maziwa wa aina ya Holstein na Jersey mwaka 2009, na nchi nyingine zikafuata.

Namba yenyewe husomwa hivi. Dume A ameandikiwa +600 kg za maziwa, dume B +200 kg, katika kipimo kinachoonyesha kile anachomrithisha binti. Binti wa A watawapita wa B kwa wastani wa kilo 400 kwa kipindi kimoja cha kukamuliwa, wakitunzwa sawa. Ukiwalisha vibaya, usitarajie kuiona tofauti hiyo yote. Tazama pia kiwango cha uhakika kilichoandikwa kando. Kikiwa chini, usimwage pesa zote kwa dume mmoja, gawa kwa madume matatu au manne.

Hatua ya 4: Usifukuze lita peke yake

Kuna jeni iitwayo DGAT1, kwenye kromosomu ya 14, iliyotambuliwa mwaka 2002 kuwa na nguvu kubwa juu ya maziwa. Aina yake moja huongeza mafuta na kupunguza wingi wa maziwa. Nyingine hufanya kinyume. Basi amua kwanza unalipwa kwa lita au kwa mafuta, ndipo uchague. Na ukivuta maziwa tu kizazi baada ya kizazi, uwezo wa kushika mimba hushuka. Mimi dume mwenye namba hasi upande wa uzazi simgusi, hata maziwa yake yawe mengi vipi.

Hatua ya 5: Kagua ukoo

Hapa tukae kidogo. Pawnee Farm Arlinda Chief, dume wa Holstein aliyezaliwa Marekani mwaka 1962, alipata binti 16,000, na damu yake imeenea duniani kote. Maziwa yaliongezeka kweli. Lakini alibeba pia kasoro kwenye jeni ya APAF1, ambayo kijusi kikiipata kutoka kwa baba na mama hufa tumboni. Inakadiriwa mimba nusu milioni zimeharibika kwa sababu hiyo. Ukimpandisha mbebaji kwa mbebaji, robo ya mimba ziko hatarini, na mfugaji ataona tu ng'ombe "amerudi joto". Kasoro hiyo sasa hupimwa na huandikwa kwenye katalogi kama HH1. Usipandishe binti kwa baba yake, wala ndugu kwa ndugu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, ng'ombe wangu bora amezaa majike wawili kwa dume yuleyule, mmoja mzuri, mwingine hafikii hata nusu ya mama. Imekuwaje?

Jibu: Ndugu yangu, kila ndama huchukua nusu ya jeni za mama na nusu za baba, na nusu hiyo huchanganywa upya kila mimba. Ila pengo kubwa kiasi hicho, chunguza pia alivyokuzwa na kama kiwele kiliwahi kuugua.

Swali: Chotara wangu wa kwanza ni wazuri mno. Nikiwapandisha wao kwa wao?

Jibu: Usifanye hivyo, dada. Sehemu ya uzuri huo ni nguvu ya uchotara, na ukipandisha chotara kwa chotara nusu yake hupotea.

Swali: Mbegu ya A2 huongeza maziwa?

Jibu: Hapana. Hiyo inahusu aina ya protini ya beta-kasini, si wingi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mitamba yangu ni midogo, naogopa dume la Holstein.

Jibu: Marahaba. Woga wako una msingi. Kwa mimba ya kwanza tafuta dume lenye alama nzuri za urahisi wa kuzaa, au tumia Jersey, ambaye ndama wake ni wadogo. Holstein atasubiri uzao wa pili.