Somo: Kusokota uzi kwa upepo

Kwenye mashine ya ringi, ile ya kawaida ya kusokotea, bobini nzima (kijiti kinachoviringishiwa uzi) huzunguka ili uzi upate msokoto, ndiyo maana kasi hukwama kwenye mita 20 na kitu kwa dakika. Kwenye mashine ya hewa, zinazozunguka ni ncha za nyuzinyuzi tu. Vortex, mashine ya hewa ya kampuni ya Murata ya Japani, iliyoonyeshwa mwaka 1997, iliwezesha kusokota hata pamba tupu kwa njia hii, na matoleo ya karibuni hufika mita 500 kwa dakika.

1. Andaa utepe wa pamba, yaani mkanda wa nyuzinyuzi ambazo bado hazijasokotwa. Uchane kama nywele, kisha uupitishe mashine ya kunyoosha, kwa kawaida mara tatu. Nawasihi msiharakishe hapa. Nyuzinyuzi fupi hazishikwi na uzi, hupeperushwa na kuwa taka, na vumbi huziba matundu ya nozeli, ule mdomo unaopuliza hewa.

2. Pitisha utepe kwenye jozi nne za rola. Kila jozi hukimbia kuliko iliyotangulia, hivyo utepe hutoka mwembamba.

3. Fungulia hewa, presha ya bar 5 hivi. Matundu ya nozeli yamechongwa kwa mshazari, kwa hiyo hewa huingia ikizunguka. Kichwa cha unyuzi huvutwa ndani ya spindeli, mrija wenye uwazi katikati, ambayo yenyewe haizunguki. Mkia hubaki nje, hewa huuzungusha kwenye ncha ya spindeli, nao hujiviringisha juu ya wenzake waliotangulia. Kiini cha uzi huu karibu hakina msokoto. Kinachoushikilia ni mbano wa nyuzinyuzi za nje.

4. Uzi hupita kwenye kihisi kinachokata penye kasoro, kisha huviringishwa kwenye koni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiongeza presha uzi utakuwa imara zaidi?*
Kwa kiasi, ndugu yangu. Ukizidisha, uzi hukakamaa na taka huongezeka.

*Kwa nini fulana za uzi huu hazitoi vipele (vidonge vidogo vya nywele juu ya kitambaa) upesi?*
Kwa sababu nywele zinazochomoza ni chache, dada, na nguo ikisuguana hazipo za kujikunja.

*Nataka uzi mnene wa kitambaa cha jinzi. Ninunue mashine hii?*
Hapana. Chukua ya rota, inayosokota uzi ndani ya kikombe kinachozunguka. Hiyo huvumilia pamba fupi, na kwa uzi mnene gharama yake ni nafuu.

*Umeme je?*
Kompresa inayosukuma hewa ndiyo inayokula umeme. Kagueni mabomba kila zamu. Hewa inayovuja mmeshailipia.