Kugawa reli ya abiria ya masafa marefu kwa awamu

Kipande cha kwanza kiishie penye abiria, si pale fedha zinapokatika. Reli ya kisasa ya Tanzania (SGR) ilianza Dar es Salaam–Morogoro: njia kuu kilomita 205, lakini mradi ukatajwa kuwa wa kilomita 300 kwa kujumlisha njia za kupishania na za stesheni. Kwenye bajeti, tenganisha namba hizo mbili mapema.

Karakana, mitambo ya kuongozea treni na umeme viingie awamu ya kwanza. Ukiviahirisha, utakuwa na reli isiyopita treni. Vichwa na mabehewa viagizwe wakati tuta la reli bado linajengwa. Fidia ya ardhi ilipwe kabla mkandarasi hajaingia, la sivyo atadai gharama za kusubiri. Kisha tenga miezi ya majaribio bila abiria, hata wanasiasa wakikuharakisha.