Jinsi ya Kuendesha Darasa Geuzi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Mwalimu Anayeanza

Darasa geuzi ni mbinu ya ufundishaji inayobadilisha nafasi za kazi mbili. Maelezo ya awali ya mada, ambayo kwa kawaida mwalimu huyatoa mbele ya darasa, hupelekwa nje ya kipindi. Na mazoezi, ambayo kwa kawaida mwanafunzi huachiwa ahangaike nayo peke yake nyumbani, huletwa ndani ya kipindi ambamo mwalimu yupo. Mwanafunzi anaweza kupokea maelezo akiwa peke yake, tena kwa kasi yake mwenyewe, akirudia pale alipopotea. Kinachomkwamisha ni kuyatumia maelezo hayo katika swali asilolizoea, na hapo ndipo anapohitaji mtu wa kumwongoza.

Walimu wengi hudhani kwamba mbinu hii maana yake ni kurekodi video. Historia yake inaonyesha vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akiwataka wanafunzi wake wa fizikia wasome maandishi kabla ya kuja darasani, ili muda wa pamoja utumike kujadili maswali. Video zilipata umaarufu baadaye, hasa baada ya mwaka 2007, pale Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia katika jimbo la Colorado nchini Marekani, walipoanza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Kwa hiyo video ni chombo kimojawapo tu, na thamani ya mbinu nzima hupimwa kwa kile unachokifanya na muda uliopatikana darasani. Mwongozo huu umepangwa kwa kuzingatia jambo hilo, na mfano wake kuanzia mwanzo hadi mwisho ni mada ya sakiti za umeme.

Hatua ya 1: Chagua mada moja na utambue kikwazo chake

Usigeuze muhula mzima kwa mara moja. Chagua mada moja ambayo kila mwaka wanafunzi huielewa nusunusu, kisha andika kwa sentensi moja ni nini hasa kinachowatatiza. Katika sakiti za umeme, wanafunzi wengi huamini kwamba mkondo hupungua kadiri unavyopita kwenye balbu, hivyo balbu ya pili katika mfululizo, yaani iliyo nyuma ya ya kwanza kwenye njia ileile moja, hupata mkondo mdogo kuliko ya kwanza. Mwanafunzi anaweza kuikariri kanuni ya V = IR (volti ni sawa na mkondo mara ukinzani), akaitumia vizuri kukokotoa, na bado akaendelea kuishikilia imani hiyo potofu. Mada yenye kikwazo cha namna hii inafaa sana kugeuzwa, kwa kuwa maelezo peke yake, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hayakiondoi. Mada ambayo wanafunzi huielewa kwa kusikiliza mara moja haikulipi kwa kazi utakayoifanya.

Hatua ya 2: Panga kipindi kabla ya kuandaa maelezo

Hapa ndipo wengi wanapokosea mpangilio: hutumia siku nyingi kutengeneza video nzuri, kisha wanaingia darasani bila kazi ya maana ya kuwapa wanafunzi, na mwishowe wanajikuta wanahutubia upya yaleyale yaliyomo kwenye video. Anza na maswali yatakayoulizwa darasani. Kwa mada yetu, swali la kwanza linaweza kuwa hili: balbu mbili zinazofanana zimeunganishwa kwa mfululizo kwenye betri moja, je, mkondo unaopita kwenye balbu ya pili ni mkubwa kuliko, ni mdogo kuliko, au ni sawa na ule unaopita kwenye balbu ya kwanza? Swali la pili: ukiongeza balbu ya pili sambamba na ya kwanza, yaani kwenye njia yake yenyewe, mkondo unaotoka kwenye betri utaongezeka au utapungua?

Baada ya hayo, andaa swali la ukokotoaji linalolinganisha hali hizo mbili. Betri ya volti 6 ikiunganishwa na vikinzani viwili vya omu 3 kila kimoja kwa mfululizo, ukinzani wa jumla ni omu 6 na mkondo ni ampea 1. Vikinzani hivyohivyo vikiwekwa sambamba, ukinzani wa jumla unashuka hadi omu 1.5 na mkondo unapanda hadi ampea 4. Waambie wanafunzi waeleze kwa maneno yao ni kwa nini kuongeza njia ya pili kumeupunguza ukinzani, kwa sababu jibu la namba peke yake halikuonyeshi kama kikwazo kimeondoka.

Hatua ya 3: Andaa kipande kifupi cha maandalizi

Sasa jiulize: ni mambo gani machache ambayo mwanafunzi lazima awe nayo ili aweze kuyajadili maswali hayo? Kwa mfano wetu, anahitaji maana ya mkondo, volti na ukinzani, uwezo wa kuusoma mchoro wa sakiti, na mfano mmoja uliokokotolewa wenye kikinzani kimoja. Hayo yanatosha, mengine yote yabaki kwa ajili ya darasani.

Kipande kiwe kifupi. Mwaka 2014, Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua jinsi wanafunzi wa kozi za mtandaoni za edX wanavyotazama video, na wakaonyesha kwamba muda wa kati wa utazamaji haukuzidi dakika 6 hivi, hata video yenyewe iwe ndefu kiasi gani. Ukiwa na mambo ya dakika 15, yagawe katika vipande vitatu. Simu iliyofungwa juu ya karatasi, ikikuonyesha mkono wako unavyochora na kuandika huku ukieleza, inatosha kabisa. Weka bidii zaidi kwenye sauti kuliko kwenye picha, kwa maana mtazamaji huvumilia picha hafifu lakini huiacha mapema video ambayo maneno yake hayasikiki.

Kabla ya kurekodi, hakikisha unajua wanafunzi wako wana vifaa gani. Wasio na intaneti wanaweza kunakiliwa faili kwenye kadi ya kumbukumbu au flashi, wengine wakapewa rekodi ya sauti yenye karatasi ya michoro, na pasipokuwa na kifaa chochote, kurasa mbili zilizoandikwa kwa uangalifu zinafanya kazi ileile. Ukilipuuza jambo hili, utakuwa umeipanua tofauti iliyopo kati ya wenye vifaa na wasio navyo.

Hatua ya 4: Ambatanisha maswali matatu

Kutazama tu hakutoshi. Maswali mawili ya kwanza yapime mambo ya msingi yaliyomo kwenye kipande. La tatu liwe la wazi: "Ni jambo gani halijakueleweka vizuri? Kama yote yameeleweka, taja lililokushangaza na ueleze sababu." Usiulize "Umeelewa?", kwa kuwa karibu kila mwanafunzi atajibu ndiyo. Majibu yakufikie kabla ya kipindi, kwa ujumbe wa simu au kwa karatasi inayokusanywa asubuhi.

Hatua ya 5: Soma majibu na urekebishe mpango

Huhitaji kusahihisha jibu mojamoja. Yapitie haraka, yagawe katika mafungu mawili au matatu ya matatizo yanayofanana, na uchague tatizo moja la kuanza nalo.

Hatua ya 6: Endesha kipindi

Tumia dakika 5 za mwanzo kulijibu tatizo ulilolichagua, ukiwaonyesha wanafunzi kwamba limetokana na majibu yao; hilo huwafanya wayachukulie maandalizi kwa uzito. Kisha toa swali la kwanza la balbu. Kila mwanafunzi afikiri kimya, aamue, na aonyeshe jibu kwa vidole au kwa kadi, wote kwa wakati mmoja. Ukimya huu wa mwanzo usiuruke, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajajifungamanisha na jibu lake mwenyewe atafuata tu la jirani mwenye sauti.

Hesabu majibu kwa kukadiria. Utaratibu unaotokana na kazi ya Mazur ni huu: ikiwa walio sahihi ni kati ya asilimia 30 na 70 hivi, waambie kila mmoja atafute jirani mwenye jibu tofauti, wajadiliane kwa dakika mbili au tatu, kisha wapige kura tena. Wakiwa chini ya hapo, hawana msingi wa kujadili. Fafanua dhana upya kwa njia nyingine. Wakiwa juu ya hapo, toa ufafanuzi mfupi na usonge mbele. Usitangaze jibu sahihi kabla ya kura ya pili, wala usiruhusu uso wako ulitangaze.

Muda uliobaki uwe wa ukokotoaji katika vikundi vya watu watatu au wanne, nawe uzunguke. Kuzunguka huku ndiko ninakokuthamini kuliko sehemu nyingine zote za mbinu hii, kwa kuwa mwalimu anasikia namna mwanafunzi anavyofikiri wakati bado inawezekana kumrekebisha. Ukifika kwenye kikundi kilichokwama, usishike kalamu yao. Uliza: "Mkondo ukifika kwenye makutano haya, una njia ngapi?" Kisha ondoka, urudi baadaye.

Hatua ya 7: Shughulikia waliokuja bila kujiandaa

Usiwafundishie upya darasa zima. Ukifanya hivyo hata mara mbili, waliojiandaa watajifunza kwamba maandalizi hayana faida, na mbinu itakufa. Tenga sehemu ya darasa ambapo wasiojiandaa watasoma au kutazama kipande kwa dakika 10 kisha wajiunge na wenzao. Baadaye mwulize kila mmoja faraghani sababu yake, kwa maana aliyekosa kifaa au muda kutokana na kazi za nyumbani anahitaji msaada tofauti na aliyepuuza tu.

Hatua ya 8: Jiandae kwa malalamiko, kisha pima

Baadhi ya wanafunzi watasema kwamba mwalimu hafundishi siku hizi. Utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 uligundua kwamba wanafunzi wa fizikia waliojifunza kwa ushiriki walipata alama za juu zaidi kuliko waliosikiliza mihadhara, ingawa wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza. Waeleze wanafunzi jambo hili mapema, na wazazi pia.

Wiki mbili baada ya mada kuisha, toa swali la balbu kwa sura nyingine, kwa mfano lenye balbu tatu, bila kutangaza. Wakieleza vizuri kwamba mkondo hautumiki njiani, chagua mada ya pili ya kugeuza. Wasipoweza, rudi kwenye maswali ya Hatua ya 2 kabla ya kuigusa video.