Eko ya moyo, ukihisi damu imeganda kwenye mapafu

Wenzangu wa zamu za usiku hapa Moshi, tuelewane kwanza, eko, yaani ultrasound ya moyo, haikuonyeshi bonge lililoziba mapafu, mara chache sana utalikuta linaelea ndani ya moyo na siku hiyo hutaisahau. Inakuonyesha upande wa kulia wa moyo unavyohangaika kusukuma damu kwenye njia iliyoziba. Wa kuthibitisha ni siti skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa, lakini mgonjwa mwenye presha 80 kwa 50, anahema juu juu, huyo unampandishaje mashine? Mletee probu, kile kishikio cha ultrasound, kitandani.

Mlaze ubavu wa kushoto, akishindwa mwache nusu kukaa. Jeli, probu chini ya titi la kushoto, tafuta chemba zote nne. Ya chini ya upande wa kulia wa moyo, yaani ventrikali ya kulia, kawaida ni kama theluthi mbili ya mwenzake wa kushoto, ikilingana naye au ikimpita shtuka. Uangalie na ukuta wake wa nje, ukiona katikati umelala kabisa halafu ncha inarukaruka kama haina habari, hiyo ndiyo dalili ya McConnell. Sogea pembeni ya mfupa wa kifua uukate moyo kwa upana, chemba ya kushoto inatakiwa iwe duara, ikibonyezwa na ya kulia inakuwa herufi D. Mwisho chini ya kifua, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka tumboni ukizidi sm 2.1 na hausinyai akivuta pumzi, basi kulia kumejaa.

Usifute jeli bado! Shuka kinenani na nyuma ya goti, bonyeza vena, isipobonyea kuna bonge, na kwa mgonjwa wa hivyo jibu unalo, mpigie bosi wako muongelee dawa ya kuyeyusha.

Mitego ipo. Eko safi kwa mgonjwa aliyetulia haimaanishi hana ugonjwa. Ukuta wa kulia ukizidi mm 5 shida ni ya zamani, mama aliyepikia kuni miaka thelathini, mapafu yakachoshwa na moshi, anaweza kukupa picha hiyohiyo. Na hawa wanaoshushwa Kilimanjaro wakihema, mwinuko peke yake unapandisha presha ya mapafu na kutanua kulia, kwa hiyo pitisha probu mbavuni, ukiona mistari myeupe inashuka kila upande hayo ni maji, mapafu yakiwa makavu rudi mguuni.