Namna ya Kuandika Historia ya Gazeti Mbadala la Jiji: Mfano wa Village Voice ya New York

Anayetaka kuandika historia ya gazeti la kila wiki lililokulia katika jiji kubwa hushawishika kuanza na waandishi wake mashuhuri, na mwishowe hujikuta ameandika orodha ya sifa. Njia ninayoipendekeza hapa ni nyingine: lichukue gazeti lenyewe, ulifungue kuanzia nyuma, na ujiulize wiki hiyo karatasi ililipiwa na nani. Nitautumia mfano mmoja, Village Voice ya New York, kwa kuwa gazeti hilo lilidumu muda mrefu, wamiliki wake wanajulikana, na magazeti mengi ya aina hiyo nchini Marekani yalizaliwa likiwa tayari lipo mitaani.

Kwanza eleza unachokiita gazeti mbadala. Kwa Marekani ni gazeti la wiki, la mji mmoja, lisilomilikiwa na chama wala serikali, linaloandika siasa za mitaa, sanaa na maisha ya wakazi kwa sauti ya mwandishi mwenyewe, wala halikimbizani na magazeti ya kila siku kutafuta habari za jana. Maelezo hayo yatakuzuia kulichanganya na magazeti ya harakati ya miaka ya 1960, ambayo mengi hayakuwa na biashara yoyote nyuma yake na hayakudumu.

Sasa tafuta matoleo yenyewe. Maktaba kubwa huhifadhi magazeti katika filamu ndogo (microfilm), na matoleo mengi ya zamani ya Voice yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Usiyasome yote, kwani utachoka kabla hujafika 1960. Chagua wiki moja ya Oktoba kwa kila miaka mitano, chukua rula, upime ni sentimita ngapi za safu zilikwenda kwa habari, ngapi kwa matangazo ya maduka na kumbi za muziki, na ngapi kwa matangazo madogomadogo: vyumba vya kupanga, kazi, wapiga gitaa wanaotafuta bendi, wapweke wanaotafuta wenzao. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo itakayokupa uti wa mgongo wa historia yako.

Matangazo ya vyumba yanastahili sura nzima. Kwa miaka mingi watu walipanga foleni Jumanne usiku kwenye kibanda cha magazeti cha Astor Place, wakisubiri furushi la kwanza la Voice lishushwe ili wawahi kupiga simu kabla chumba hakijachukuliwa. Wengi katika foleni ile hawakuwa na haja na tahariri wala uhakiki wa tamthilia. Walichotaka ni nyumba isiyo na dalali. Hata hivyo, pesa ya matangazo hayo ndiyo iliyomwezesha mhariri kumwachia mwandishi miezi kadhaa akichimba habari moja.

Hapa ndipo watafiti wengi wanapoteleza katika kupanga sababu. Voice iliacha kuuzwa na kuanza kugawiwa bure Manhattan, eneo la katikati ya New York, mwaka 1996, na wapo wanaodai kwamba intaneti ndiyo iliyolilazimisha. Angalia tarehe. Craigslist, mtandao wa matangazo ya bure, ulianza San Francisco mwaka 1995 lakini uliingia New York mwaka 2000. Mshindani aliyekuwa mlangoni mwaka 1996 alikuwa gazeti jingine la karatasi, New York Press, lililokuwa likigawiwa bure tangu 1988. Hata ugawaji huo wa bure haukuwa mpya, kwa kuwa Chicago Reader ilifanya hivyo tangu toleo lake la kwanza la Oktoba 1971. Intaneti ililimaliza tangazo dogo, lakini baadaye, na rula yako itakuonyesha ni lini.

Kisha andika mfululizo wa wamiliki. Voice ilianzishwa Oktoba 1955 na Dan Wolf, Ed Fancher na mwandishi wa riwaya Norman Mailer, katika mtaa wa Greenwich Village. Mwaka 1970 ilinunuliwa na Carter Burden, mwanasiasa wa jiji. Mwaka 1974 ikaingia mikononi mwa Clay Felker, mhariri wa jarida la New York, na waasisi Wolf na Fancher wakaondolewa. Mwaka 1977 ikawa ya Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti kutoka Australia. Mwaka 1985 ya Leonard Stern, tajiri wa vyakula vya wanyama wa nyumbani. Mwaka 2005 ikaunganishwa na New Times, kampuni yenye magazeti mbadala katika miji kadhaa. Na mwaka 2015 ikanunuliwa na mfanyabiashara Peter Barbey. Kwa kila mmiliki uliza nani alifukuzwa, nani aliajiriwa na bei ilibadilikaje. Uliza pia wafanyakazi walijibu nini. Murdoch alipotaka kumwondoa mhariri Marianne Partridge, walitishia kuondoka wote, naye akarudi nyuma. Mwaka 1982 chama chao cha wafanyakazi kilipata mkataba uliowapa wenzi wasiofunga ndoa, wakiwemo wa jinsia moja, mafao waliyopewa wanandoa. Habari ya namna hiyo huikuti kwenye ukurasa wa mbele.

Hadithi za kuzaliwa kwa gazeti zipokee kwa tahadhari, maana kila mwasisi hujipa kiti cha mbele. Mailer alitoa fedha, na mapema mwaka 1956 akaandika safu yake kwa miezi michache tu kabla ya kujitoa kwa hasira. Kisa kinachosimuliwa ni kosa la uchapaji: aliandika juu ya tofauti ndogondogo za ukuaji, mpanga herufi akachapa kero za ukuaji. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana sana, na kosa hilo lilitokea kweli. Lakini ukiishia hapo utakuwa umekosa ugomvi wenyewe, kwa kuwa Mailer alitaka gazeti kali zaidi kuliko lile ambalo wenzake walikuwa tayari kulichapisha.

Tazama pia matukio ya nje yaliyolibeba gazeti. Tarehe 8 Desemba 1962 wapanga herufi wa New York waligoma, na kwa siku 114 magazeti makubwa ya kila siku hayakuonekana mitaani. Voice, iliyokuwa bado ndogo, ikapata wasomaji ambao pengine wasingeinunua kamwe.

Usiifiche aibu ya gazeti. Juni 1969 waandishi wawili wa Voice walishuhudia mapambano ya polisi na wateja wa baa ya Stonewall, hatua chache kutoka ofisini kwao, lakini taarifa zilizochapwa zilikuwa na maneno ya kuwadhihaki wapenzi wa jinsia moja. Miezi miwili baadaye watu hao waliandamana mbele ya ofisi hiyohiyo, kwa sababu gazeti lilikataa kuchapa jina walilojiita wenyewe, “gay”, kwenye tangazo walilolilipia. Sasa weka tukio hilo kando ya mkataba wa 1982. Miaka ile 13 ndiyo ya kuchimba.

Tuzo zitaje kwa ufupi. Voice ilipata Pulitzer, tuzo kuu ya uandishi wa habari Marekani, mara tatu: Teresa Carpenter mwaka 1981, mchora katuni Jules Feiffer mwaka 1986, na Mark Schoofs mwaka 2000 kwa makala zake kuhusu Ukimwi barani Afrika. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuanza na hizo za Schoofs.

Unapowahoji waliofanya kazi pale, nenda na nakala ya ukurasa mkononi. Ukimwuliza mzee habari za mwaka 1974 atakupa hadithi aliyokwisha kuisimulia mara mia. Ukimwekea ukurasa mbele yake atanyoosha kidole kwenye tangazo na kuanza habari nyingine kabisa.

Kuhusu mahali pa kuishia, hoja yako ndiyo itakayoamua. Ukifuata karatasi, simama Septemba 2017, toleo la mwisho la kila wiki lilipotoka na picha ya mwanamuziki Bob Dylan kwenye jalada. Ukifuata chumba cha habari, simama Agosti 2018, Barbey alipokifunga na kuwabakiza wafanyakazi wachache wakamilishe kazi ya kuyahifadhi matoleo ya zamani kidijitali. Ukifuata wamiliki, itakubidi uendelee hadi Desemba 2020, mchapishaji Brian Calle alipolinunua jina hilo, na 2021 lilipoanza kutoka tena.