Somo: HC-12 mbili hazisikilizani? Anza na waya kabla ya kulaumu hewa

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu mwezi huu pekee nimejibu swali moja mara nyingi mno, hadharani na faraghani, hadi majibu yangu yameanza kuwa mafupi kiasi cha kuwaudhi wanaouliza. Swali lenyewe ni hili: mtu amenunua moduli mbili za redio aina ya HC-12, ameziunganisha na Arduino mbili (bodi ndogo za kielektroniki zinazopokea programu), upande mmoja unatuma na upande wa pili uko kimya. Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo nilipotaka kujua kiwango cha maji kwenye simtanki lililo juu ya mnara, mita 60 hivi kutoka nyumbani, bila kuchimba mtaro wa waya.

Kumbukeni kwamba kazi ya HC-12 ni kuchukua nafasi ya waya. Herufi zinazoingia kwenye pini ya RXD (ya kupokea) upande huu zinatakiwa zitoke kwenye pini ya TXD (ya kutuma) upande ule, basi. Kama vifaa vyako havielewani kwa waya, hakuna redio itakayovipatanisha.

Hatua ya 1. Lehemu antena kwenye moduli zote mbili kabla ya kuwasha chochote.

Hatua ya 2. TXD ya bodi huenda RXD ya moduli, RXD huenda TXD, na GND (upande hasi wa umeme) ya bodi iungane na GND ya moduli.

Kwa bodi ya volti 5, mimi hupitisha TXD ya bodi kwenye rezista mbili za kugawa volti, kilo-omu 1 na kilo-omu 2, ili moduli ipokee takriban volti 3.3.

Hatua ya 3. Toa redio kabisa. Weka Arduino mbili mezani, unganisha GND zao, pitisha waya kutoka pini ya kutuma ya moja hadi pini ya kupokea ya nyingine, kisha tuma neno moja kila sekunde. Usitumie pini 0 na 1 za Uno (aina ya Arduino niliyotumia), kwa maana hizo ndizo zinazozungumza na kompyuta kupitia USB. Tumia SoftwareSerial (maktaba ya Arduino inayowezesha pini nyingine kutuma na kupokea) kwenye pini 10 na 11, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Neno likifika, programu yako ni nzima na huna sababu ya kuigusa tena. Lisipofika, tatizo liko mezani kwako na hewa haihusiki. Wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto, kisha hurudi kwangu baada ya siku tatu.

Hatua ya 4. Uliza kila moduli imepangwaje. Unganisha pini ya SET (ya kupangia moduli) na GND, kisha tuma amri ya AT+RX. Utajibiwa mistari minne inayotaja kasi, chaneli, nguvu ya kutuma na hali ya kazi. Kwa moduli ambayo haijaguswa, majibu huwa B9600, RC001, +20dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) na FU3. Kasi, chaneli na hali ya kazi lazima zifanane pande zote mbili. Nguvu ya kutuma si lazima. Moduli ikikataa kujibu kwa sababu mtu aliibadilisha kasi akasahau, izime, unganisha SET na GND kwanza, kisha iwashe: ikiwashwa hivyo husikiliza kwa 9600 hata kama imepangwa vingine. Ukimaliza, achia SET. Nimewahi kuletewa moduli "mbovu" ambayo waya wake wa SET ulikuwa bado umechomekwa kwenye GND.

Hatua ya 5. Umeme. Hapa ndipo nilipokwama mimi kwa wiki mbili, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. HC-12 inakubali volti 3.2 hadi 5.5, nami nikaona pini ya 3.3V ya Arduino Uno inatosha kwa upande wa tangi. Moduli iliitika amri zote za AT. Mita ilisoma 3.3. Kila nilichotuma kutoka ndani kilifika mnarani bila kukosa herufi, lakini kutoka mnarani hakikurudi kitu. Niliandika programu upya, nikabadilisha chaneli, nikanunua moduli ya tatu. Jioni moja nilikuwa juu ya mnara, tochi mdomoni na kompyuta mapajani, nikimpigia kelele mdogo wangu aliyekaa dirishani aniambie anaona nini, naye akinijibu "hakuna, kaka" kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kula. Nikashusha nguvu ya kutuma kwa amri ya AT+P1, nikilenga tu kuokoa betri, na hapo hapo akaanza kunisomea namba.

Maelezo yake ni mepesi ukishayajua. Moduli ikituma kwa nguvu kamili, yaani miliwati 100, huvuta karibu miliampea 100, ilhali pini ile ya Uno imeandikiwa miliampea 50. Kupokea huhitaji miliampea 16 tu, na kujibu amri ya AT hakuhitaji kutuma chochote hewani, ndiyo maana vipimo hivyo viwili vyote vilinidanganya. Mita nayo haikunisaidia, kwa kuwa volti huporomoka kwa kitambo kifupi kuliko mita inavyoweza kuonyesha. Basi kipimo changu siku hizi ni kimoja: moduli ikituma vizuri kwenye AT+P1 na kunyamaza kwenye AT+P8, yaani nguvu kamili, usitafute mchawi, ni umeme.

Tiba yake ni kuipa moduli chanzo cha volti 5 chenye uwezo, kwa kupitia daiodi ya 1N4007, kwa sababu ikipewa zaidi ya volti 4.5 watengenezaji wanashauri daiodi iwepo, na kuweka kapasita ya maikrofaradi 100 hadi 470 kati ya VCC (pini ya kuingiza umeme) na GND, karibu kabisa na moduli. Tahadhari: kapasita hizo zina upande chanya na upande hasi, na ukiigeuza inaweza kupasuka. Tahadhari nyingine: betri ndogo ya mraba ya volti 9 haifai kazi hii, kwa kuwa huchoka mapema na dalili zake zitakurudisha mwanzo wa somo.

Hatua ya 6. Sasa, na si kabla, ondoka mezani na upime kwa umbali.

MASWALI

Kijana wa Mabati: Mkuu, yangu haifanyi kazi na nimejaribu kila kitu. Naomba msaada.

Jibu: Umefika hatua ya ngapi, na AT+RX imekujibu nini kwa kila moduli? Bila majibu hayo nitakuwa napiga ramli.

Mzee wa Waya: Mimi nimeendesha HC-12 kwa pini ya 3.3V ya Uno karibu mwaka mzima na haijawahi kugoma. Naona unawatisha watu bure.

Jibu: Sikusema kwamba lazima igome. Bodi yako inaweza kuwa inavumilia kuliko ilivyoandikiwa, au umeshusha nguvu ya kutuma bila kukumbuka. Miliampea 50 ni kiwango kilichoandikwa na waliotengeneza bodi, si changu, nami siwezi kumfundisha mtu kutegemea bahati ya bodi yako.

Bi Solda: Asante kwa somo, kaka. Nimesoma kwamba kasi ndogo hufika mbali zaidi. Je, kasi ya pini inahusianaje na hewa, wakati hewani ni mawimbi tu?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Kwenye hali ya FU3 moduli huchagua yenyewe kasi ya hewani kwa kufuata kasi uliyoipa kwenye pini. Ukiipa 1200 au 2400, hewani hutumia biti 5,000 kwa sekunde. Kwa 4800 au 9600 hutumia 15,000. Kwa 57600 au 115200 hutumia 236,000. Kadiri kila biti inavyokaa hewani muda mrefu, ndivyo mpokeaji anavyoweza kuitambua hata ikiwa dhaifu: kwa biti 5,000 husikia hadi -117 dBm, kwa 236,000 huishia -100. Tofauti hiyo ya desibeli 17 ni sawa na kuongeza nguvu ya kutuma mara 50 hivi, nawe umeipata bure. Ndiyo sababu pia moduli moja ikiwa 9600 na nyingine 115200 hazitasikiana kamwe. Kwa tangi linalotuma namba chache kila dakika, 2400 inatosha na kubaki.

Fundi Pwani: Kwangu ujumbe unafika ila herufi zinakatika katikati, hasa ujumbe ukiwa mrefu. Umeme nimeshaupima kwa P1 na P8.

Jibu: Je, programu ya upande unaopokea ina delay(1000), yaani amri ya kusimama sekunde nzima, ndani yake? Kwa 9600 zinaweza kuingia herufi 960 kwa sekunde, ilhali hifadhi ya kupokelea ya Arduino hubeba 64, yaani hujaa kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na zinazofuata hutupwa. Soma mfululizo, na muda uuhesabu kwa millis(), saa ya ndani ya Arduino. Zaidi ya hapo, HC-12 haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, kwa hiyo pande zako zikizungumza pamoja zitakatana maneno. Upande mmoja uulize, mwingine ujibu.

Mwana Antena: Nyongeza kidogo: ile springi inayokuja na moduli niliitoa nikaweka waya mnyoofu wa sentimita 17.3, ambao ni robo ya wimbi la megahezi 433, na mapokezi yaliongezeka. Moduli iwe nje ya paa la bati, na isijifiche nyuma ya tangi lililojaa maji. Halafu, kwa nini nisihamie chaneli ya 100 ambako rimoti za magari na mageti hazifiki?

Jibu: Asante kwa nyongeza, nami nimefanya vivyo hivyo. Kuhusu chaneli: ya 1 ni megahezi 433.4 na kila moja huongeza 0.4, hivyo ya 100 huangukia 473.0, ndani ya masafa ya televisheni ya UHF yanayoanzia 470. Vifaa vidogo kama hivi hutengewa kati ya 433.05 na 434.79, maana yake ukivuka chaneli ya 4 umetoka nje. Rimoti nyingi ziko 433.92, jirani na chaneli ya 2. Mimi nipo ya 4. Nguvu inayoruhusiwa uiulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako.

Kijana wa Mabati: Mkuu, AT+RX zote mbili zinafanana. Nimerudi kwenye jaribio la waya, na hata lenyewe halifanyi kazi.

Jibu: Hapo sasa tunaongea. GND za bodi mbili umeziunganisha?

Kijana wa Mabati: Moja natumia laptopu, nyingine chaja ya simu. GND sikuunganisha.

Jibu: Hatua ya 3, sentensi ya pili.